Makofi Kabla Hajamaliza

Kule Tumati watu walikuwa na neno fupi la kufungia mkutano. Likitajwa jambo linalotaka mikono, walitazamana, mmoja akakohoa, mwingine akasema, "Pasi yupo." Hapo kila mtu alisimama, akakung'uta vumbi kwenye nguo, akaenda zake nyumbani na moyo mweupe.

Pasi ndiye Paskalina Sulle, binti wa Natalia, wa nyumba iliyo juu ya korongo. Alipomaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka mbali. Yalimrudisha kwa mama yake, kwenye shamba la vitunguu saumu na ng'ombe wachache. Mwaka huohuo masika yalikula njia ya kwenda zahanati. Watu waliamka wakakuta pale walipompitisha mgonjwa jana pamekuwa mdomo wa udongo mwekundu, umefunguka, unasubiri. Vijana wakaitwa. Wakaja wengi, wakiimba. Paskalina, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka, akachaguliwa katibu wa kikundi, na mwenyekiti alipooa akahamia Babati, akawa mwenyekiti pia. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Alikuwa na umri wa kutaka kila kitu, basi akadhani anataka na hicho.

Walipanga mawe kukatisha korongo, ukuta mfupi na chini yake ukuta mwingine mfupi, ili maji yakija yapunguze mbio na kuacha udongo nyuma ya mawe. Juu ya udongo huo walipanda matete. Ni kazi ngumu kuionyesha kwa mgeni. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Njia inabaki njia, mahindi ya jirani yanabaki pale yalipopandwa, na mtu anapita asubuhi na ng'ombe wake bila kujua kwamba alipaswa kushukuru.

Waliwahi kuja watu wa mradi fulani na fulana za njano zilizoandikwa mgongoni "Vijana Tunaweza". Wakapiga picha wakiwa wameligeuzia korongo mgongo, wakaondoka. Fulana ya Paskalina ilichakaa kwanza palepale kwenye "Tunaweza", kwa kubebea mawe, na sasa alikuwa akiilalia.

Miaka ikapita, na wale waliokuja wakiimba wakapungua. Wengine waliolewa, wengine walikwenda kuendesha bodaboda, mmoja alikwenda migodini Mererani na hajasikika. Kila aliyeondoka aliacha pengo dogo, na kila pengo likajazwa na mtu yuleyule. Vyandarua vikifika zahanati vinataka kugawiwa, Pasi yupo. Kanisa linataka kufagiwa kabla ya Pasaka, Pasi yupo. Mgonjwa wa kubebwa, bibi anayetaka kuandikiwa ujumbe kwa mwanawe wa Arusha, Pasi yupo. Bega lake la kulia likashuka kidogo kuliko la kushoto, kama mizani iliyosahauliwa ikiwa na kitu juu yake. Anakaribia miaka thelathini sasa. Jioni akikaa jikoni kwa mama yake, husinzia na kijiko mkononi kabla makande hayajapoa.

Kitu alichokuwa akikitaka kilikuwa Katesh, kwenye duka la Shamsia.

Walikutana kwenye tope. Lile tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuingia mjini, vijana wa vijiji vingi walipanda malori kwenda kusaidia, na kikundi cha Tumati kikapangiwa mtaa wenye maduka. Duka la Shamsia, mwanamke wa watu wa Kondoa aliyekuwa akishona sare za shule, lilikuwa limejaa tope hadi kwenye meza. Vijana wengine walizoa kwa makoleo. Paskalina alichukua cherehani moja iliyozikwa, akakaa nayo kwenye ngazi, akaisafisha kwa mswaki, kijino kwa kijino, mpaka gurudumu likazunguka. Shamsia, ambaye tangu janga lile hakuwa amelia, alilia hapo.

"Nani alikufundisha cherehani?" akauliza.

"Hakuna, dada. Nimeona tu kila kitu kinaingia mahali pake."

Tangu siku ile walipigiana simu. Na mwaka huu, mwishoni mwa Novemba, Shamsia akasema maneno yaliyomkosesha Paskalina usingizi, yeye asiyekosa usingizi. "Binti yangu Raudha ameolewa, cherehani yake imekaa. Sare za Januari ni nyingi, peke yangu siziwezi. Njoo, nikufundishe, ukae hapa kwangu, uwe wa dukani kabisa. Ila uje Jumatatu ya wiki ijayo. Kuna binti wa kule Gitting ananipigia kila siku, na mimi siwezi kusubiri, mdogo wangu. Shule haisubiri."

Paskalina alikubali palepale, akiwa amesimama juu ya jiwe kubwa nyuma ya zizi, mahali pekee mtandao unapofika. Kisha akashuka, akakumbuka kwamba ana kikundi.

"Utawaambia," mama yake alisema. "Kazi ya watu haiachwi kama mtu anayetoka kanisani wakati wa sadaka."

"Nitawaambia kwenye mkutano, mama."

Mkutano ulikuwa Ijumaa, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mikutano ya serikali huendeshwa kwa Kiswahili, kwa kuwa mtendaji ametoka Singida, hata kama karibu wote waliokaa pale walinyonyeshwa kwa Kiiraqw. Paskalina aliiandaa sentensi yake njiani, akaisema na kuirudia, akiipima kama mtu anayepima jiwe kabla ya kulinyanyua. *Ndugu zangu, kuanzia leo mimi nimejitoa katika kikundi.* Sentensi fupi. Nzuri. Haikumtukana mtu.

Mzee Tadei, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa anaongoza. Alieleza habari za korongo, kwamba vuli imeanza na ukuta wa tatu haujakamilika. Akauliza kama kuna mwenye neno. Paskalina akasimama.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Ndugu zangu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Kuanzia leo mimi nimejitoa..."

Akameza mate. Alimeza tu, kwa muda wa kumeza. Na katika nafasi ile ndogo, mahali fulani nyuma, mtu akapiga makofi. Wa pili akafuata. Kisha uwanja mzima ukalipuka, akina mama wakapiga vigelegele, na maneno "katika kikundi" yakabaki mdomoni mwake kama punje ya mahindi isiyotafunika.

"Mmesikia!" Mzee Tadei alisimama na fimbo yake. "Mmesikia wenyewe! Vijana wanakimbilia mijini kukaa vijiweni, huyu amejitoa! Amejitoa kwa ajili yetu! Mtendaji, andika!"

"Babu, samahani, nilikuwa..."

"Nyamaza, mwanangu. Mtu hajisifu mwenyewe, sisi tutakusifu."

Akavua kofia, akaacha Kiswahili, akaanza kubariki kwa Kiiraqw.

Kwa watu wa pale, mzee akianza kubariki hakuna anayemkatiza. Yeye hutoa mstari, na watu huitikia kwa pamoja, sauti ya chini, kama nyuki ndani ya mzinga. Aliomba mvua ishuke taratibu na isishuke na hasira. Aliomba mikono ya binti huyu ipoe kama maji ya chemchemi, miguu yake isijikwae, adui yake alale njaa. Aliomba abaki kati yao, aote mizizi, awe kivuli. Watu wakaitikia. Paskalina alisimama ameinamisha kichwa, kwa sababu ndivyo mtu anavyosimama, na kila mwitikio aliusikia ukimwekea jiwe jingine juu ya bega lile la kulia.

Paskalina aliporudi, Natalia alikuwa anachambua maharage mlangoni.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamenibariki."

"Afadhali. Ili uende salama."

"Ili nibaki, mama."

Natalia aliweka ungo chini. Alisimuliwa mara mbili, na mara ya pili akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyekumbuka chungu motoni.

"Mzee Tadei amekutaja kwa jina?"

"Kwa jina, na la baba."

"Na watu wakaitikia?"

"Wote."

"Hilo si jambo dogo, Pasi. Baraka ya kukosea bado ni baraka. Ukiondoka juu yake, utaondoka umeikanyaga." Akaanza tena kuchambua, polepole. "Mimi sikuzuii. Lakini nitakaa hapa na watu hawa. Watanisalimia, na katika salamu watanitafutia lawama."

Paskalina alikwenda kulala jua lingali juu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Walikuja wanne, naye wa tano. Aliyebaki tangu siku za kuimba alikuwa Wolfgang peke yake, kijana mrefu mwenye maneno mengi, aliyepewa jina la padre wa zamani aliyembatiza baba yake. Walibeba jiwe kwa machela ya gunia na fito mbili, Paskalina mbele, Wolfgang nyuma, wakishuka korongoni kwa miguu ya pembeni.

"Mwenyekiti mbarikiwa," Wolfgang alisema nyuma yake. "Jiwe limekuwa jepesi leo, au ni mizizi imeanza kuota?"

"Wolfi, sina nguvu za utani."

"Basi tembea. Adui yako alale njaa."

Walitembea kidogo. Udongo ulikuwa umelowa, ukanata kwenye buti.

"Mlinisikia vibaya," Paskalina alisema, akitazama mbele. "Wote. Nilikuwa najitoa katika kikundi. Naenda Katesh. Neno halikuisha mkapiga makofi."

Nyuma yake Wolfgang alizishika fito upya.

"Tulisikia," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Wazee sijui. Ila sisi vijana tulikusikia vizuri. Dada Shamsia si siri, Pasi, unaongea kwenye simu juu ya jiwe, bonde zima linasikia." Akashusha pumzi. "Yale makofi nilianza mimi."

Paskalina aliachia fito. Machela ikapinduka ubavu, jiwe likatua karibu na mguu wa Wolfgang, naye akaruka kama mbuzi.

"Utanivunja!"

"Ulianza wewe?"

"Ulimeza mate. Nikaona, akimaliza kumeza, ameondoka. Mikono ikaenda yenyewe."

"Mkono hauendi wenyewe, Wolfi. Mimi najua mikono."

Alikaa juu ya lile jiwe. Hakukasirika jinsi alivyotarajia. Alitafuta hasira yake akaikuta imechoka pia, imekaa pembeni, haitaki kunyanyuka. Wolfgang akachuchumaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza siku ile Paskalina aliuona uso wake. Hakukuwa na utani.

"Ukiondoka wewe," Wolfgang alisema, "mimi nitakuwa wewe. Umeelewa? Jumatatu korongo likijaa, watatazamana, mmoja atakohoa. Halafu watasema, 'Wolfi yupo.' Nina mke, Pasi. Nina mtoto anayekohoa. Niliogopa."

"Na mimi mlinionaje miaka yote hii? Siogopi?"

"Tulikuona uko," alisema. "Mtu akiwa yupo, humuulizi."

Wale wengine watatu walikuwa wamesimama juu ya ukingo na sururu zao, wakitazama. Paskalina akanyanyuka, akashika fito za mbele. Walipeleka lile jiwe mahali pake, kisha jingine, kisha jingine, mpaka mvua ikawafukuza.

Jumapili baada ya misa alikwenda kwa Mzee Tadei. Alimkuta zizini, akimtazama ng'ombe aliyekuwa na kidonda cha kwato. Alimwamkia, akangoja aulizwe habari za mama, za ng'ombe, za shamba, akajibu zote. Safari hii hakuandaa sentensi. Alizungumza Kiiraqw, lugha ambayo hakuwahi kuhutubia nayo mkutano, na kwa Kiiraqw alijikuta hana maneno ya heshima ya kujificha nyuma yake. Alisema tu kwamba amechoka. Kwamba kesho anaenda Katesh kushona. Kwamba pale uwanjani alikuwa anaaga.

Mzee aliendelea kushika kwato.

"Mimi nilisikia makofi," alisema. "Masikio yangu ni mazito siku hizi. Watu wakipiga makofi, nabariki. Ndiyo kazi yangu."

"Najua, babu. Sikulaumu."

"Baraka siwezi kuirudisha. Haina mkia wa kuivuta."

"Sijaja kuirudisha. Nimekuja kukwambia ili usisikie kwa watu."

"Na korongo?"

"Ukuta wa tatu umebaki nusu."

"Nani atawaita vijana?"

Paskalina alifungua mdomo. Kwa desturi yake, swali la kijiji likiulizwa, jibu hutoka lenyewe, na jibu hilo lina mikono yake ndani. Alingoja lipite.

"Sijui, babu," alisema.

Mzee Tadei aliachia kwato, akamtazama muda mrefu kwa macho yaliyoanza kufanya ukungu. Labda alimwona. Labda aliona kivuli tu kimesimama penye mlango wa zizi.

"Ngoja mvua zipite. Masika yakiisha, uende. Nitakusindikiza mwenyewe mpaka barabarani."

"Masika yakiisha kutakuwa na jambo jingine."

"Kutakuwa nalo," mzee alikubali. "Kijiji hakikosi jambo."

"Basi naenda kesho."

"Vijana wa siku hizi," alisema, akamrudia ng'ombe wake. Hakumruhusu, na hakumzuia. Paskalina alisimama kidogo akingoja neno lingine, kama mtu anavyosimama mlangoni baada ya kuaga. Halikuja. Akasema "haya, babu", akaondoka.

Mvua ilinyesha kuanzia jioni hadi kulipopambazuka. Natalia alimfungia maharage na vitunguu saumu kwenye mfuko kwa ajili ya Shamsia, maana mtu haendi kuishi kwa watu na mikono mitupu. Alimfunga kilemba upya, ingawa kilikuwa kimefungwa vizuri.

"Wakinisalimia nitasema umeenda," alisema. "Wakiuliza utarudi lini, nitasema sijui. Naona na mimi naweza kulisema hilo."

Njia ya kwenda barabarani inapita juu ya korongo. Ukungu ulikuwa haujainuka, na kabla hajaona kitu alisikia jiwe likigonga jiwe. Alipokaribia aliwaona chini: Wolfgang, na wengine wawili, na kijana mmoja ambaye hakuwahi kuja kazini hata mara moja, amevaa viatu vyeupe. Maji ya jana usiku yalikuwa yamepita, yameacha vijiti na majani kwenye kingo. Ukuta wa tatu ulikuwa unapanda haraka. Wolfgang alikuwa ameuvusha kutoka ukingo huu hadi ule, umelala sawa kama meza, na alionekana kujivunia usawa wake.

Paskalina alisimama. Mwili wake ulikuwa umeshaona kabla yake. Ukuta wa namna ile, maji yakiukuta hayana pa kupitia. Yataenda pembeni, yataukata ukingo, na mwezi ujao korongo litakuwa limeuzunguka ukuta na kuendelea na safari yake kuelekea zahanati. Mkono wake uliokuwa umeshika begi ulilegea. Mahali pa kuweka begi palikuwepo, jiwe bapa, kavu. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Angeshuka, angetoa mawe ya juu katikati, angerudi, na lori la vitunguu linalopita saa tatu, ambalo dereva wake aliahidi kumfikisha Dongobesh penye magari ya Katesh, huenda angeliwahi.

Huenda.

"Wolfi!" aliita, kwa Kiiraqw. "Katikati pashuke! Maji yapite katikati, yasiende pembeni!"

Wote wakainua vichwa. Wolfgang aliangalia begi, akaangalia kilemba, akaangalia ukuta wake.

"Nimeusawazisha asubuhi yote!"

"Umeusawazisha vizuri. Sasa ushushe katikati."

"Njoo utuonyeshe!"

Ilikuwa sauti ya kirafiki, haikuwa na mtego ndani yake, na hilo ndilo lililofanya miguu yake iwe mizito. Yule wa viatu vyeupe alikuwa ameshasogea pembeni, amemwachia nafasi.

"Si nimewaambia?" Paskalina alisema.

Akaanza kutembea. Njia ilikuwa inateleza, akatembea kando, penye nyasi. Bega la kulia lilimuuma kama kawaida yake asubuhi za baridi, akahamishia begi upande wa kushoto.

"Pasi!" Wolfgang aliita nyuma. "Pashuke kiasi gani?"

Hakugeuka, kwa sababu alijijua. Aliinua mkono wa kulia juu ya kichwa, akaukunja, akagusa kiwiko kwa vidole vya mkono wa pili, begi likining'inia: kutoka hapa hadi kwenye ncha ya vidole. Akaushikilia juu mpaka alipohisi wameona, kisha akaushusha.

Maji machache yaliyobaki yalisikika yakitafuta njia kati ya mawe. Halafu alisikia jiwe likitolewa na kutupwa kando, na mtu akilalamika kwamba ni zito, na Wolfgang akimwambia mtu huyo anyamaze ashike upande wake. Paskalina aliendelea kupanda kuelekea barabarani, polepole, kwa mwendo wa mtu ambaye hajalala vya kutosha kwa miaka mingi.